Erthi ya redio si lazima iwe shaba tupu

Hapa Mtwara ukisema unafunga kituo cha redio ya mawasiliano nyumbani, utaambiwa bila fimbo nene ya shaba tupu huna erthi, yaani njia ya kupitisha umeme hadi ardhini. Mtu anaahirisha mwaka mzima akitafuta hela. Hebu gusisha sumaku kwenye fimbo ya erthi ya dukani: mara nyingi inanasa. Ndani ni chuma, shaba ni ganda tu. Na inatosha, maana umeme wa mawimbi ya redio hupita juujuu ya metali. Ndiyo maana utepe mpana mwembamba huushinda waya mnene wa duara.

Basi nenda kwa mafundi viyoyozi, uliza vipande vya bomba la shaba vya mashine zilizokufa. Vipasue kwa msumeno, uvigonge hadi viwe utepe bapa wa kuunganisha redio na fimbo. (Nyaya zilizounguzwa, zisizojulikana zilikotoka, achana nazo, usinunue kesi.)

Mchanga wa mtaa wetu wa Shangani ukikauka ni mbishi kupitisha umeme, kwa hiyo pigilia fimbo mbili au tatu zilizoachana, uziunganishe. Kisha ziunge na erthi kuu ya nyumba. Ukiziacha peke yake, radi ikipiga jirani, tofauti ya volti itapita ndani ya redio yako.