Kukua Hakusubiri Shibe: Dhana Potofu Kuhusu Mahitaji ya Binadamu

"Ngoja kwanza mambo yakae sawa." Maneno haya yamezika vipaji vingi. Kwanza kazi ya uhakika, kwanza madeni yaishe. Kusoma, kuandika, kujifunza ufundi, hayo baadaye. Wengi wanaosema hivyo huegemea piramidi ya Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani: chini mahitaji ya mwili, juu yake usalama, kisha upendo, kisha heshima, na kileleni kujitimiza, yaani mtu kuwa yule anayeweza kuwa. Nimeona watu wakijifungia mlango kwa picha hiyo, na inaniuma, kwa sababu Maslow mwenyewe hakufundisha hivyo.

Dhana potofu: Hitaji moja lazima litimie lote ndipo jingine lianze

Ukweli: Katika makala yake ya 1943, Maslow alilikanusha jambo hili waziwazi. Alitoa hata tarakimu, akisema wazi kuwa ni za kukisia tu ili aeleweke: mtu wa kawaida huenda ametimiziwa mahitaji ya mwili kwa asilimia 85, usalama 70, upendo 50, kujiheshimu 40 na kujitimiza 10. Zitazame vizuri. Hakuna iliyofika mia, na ile ya mwisho si sifuri. Kwake, hitaji la juu huchipuka kidogo kidogo huku la chini likiwa bado na pengo. Alikiri pia kwamba mpangilio huo hupinduka: wapo wanaobuni na kuumba kazi zao wakiwa na dhiki, na wapo wanaoacha kila kitu kwa ajili ya imani yao.

Na piramidi? Haimo kabisa katika makala hiyo. Ilienezwa baadaye na waandishi wa masuala ya uongozi na usimamizi.

Dhana potofu: Tumbo kwanza, upendo ni ziada

Ukweli: Harry Harlow, aliyemsimamia Maslow katika masomo yake ya uzamivu, aliwatenga watoto wa kima na mama zao, akawawekea "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya, mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, watoto walinyonya kisha wakarudi kumkumbatia wa kitambaa, na huko ndiko walikoshinda kwa saa nyingi. Jaribio lenyewe lilikuwa la ukatili, lakini jibu lake halisahauliki.

Aliyewahi kuuguza analijua hili bila maabara. Mgonjwa anaisukuma sahani, anageukia ukutani. Mwanawe anaingia, anaketi kitandani, anamshika mkono, baada ya muda mgonjwa anauliza, "Kile chakula bado kipo?"

Dhana potofu: Kujitimiza ni kwa watu mashuhuri

Ukweli: Dhana hii ina chanzo, maana baadaye Maslow alichunguza maisha ya watu kama Abraham Lincoln na Albert Einstein. Lakini mwaka 1943 mmoja wa mifano yake ulikuwa mtu anayetamani kuwa mama bora.

Dhana potofu: Basi mahitaji si kitu, jitume tu

Ukweli: Hapa ndipo ninapowaogopa wahamasishaji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyekosa usingizi siku kadhaa hasomi ukurasa mmoja akauelewa. Anaurudia mstari uleule, macho yanapita, akili haipo. Huyo si mvivu. Kumwambia akaze moyo ni kumwongezea aibu juu ya uchovu. Mtoto aliyekuja darasani na njaa anahitaji kula. Akishakula, asiambiwe kwamba kitabu kitamsubiri mpaka nyumbani kwao mambo yatengemae. Apewe siku hiyohiyo.