Elimu kwa Umma: Kwa Nini Hatutangazi Saa ya Tetemeko

Ardhi ikitikisika Kagera au kando ya Ziwa Tanganyika, wanaotupigia simu huuliza swali moja: "Lile kubwa linakuja saa ngapi?" Mara nyingi mpigaji ameshapokea ujumbe wa WhatsApp wenye saa kamili. Ieleweke kwamba hakuna taasisi yoyote duniani inayoweza kutaja siku, saa na ukubwa wa tetemeko lijalo. Tunachoweza ni kuhesabu.

Tangu wanasayansi wa matetemeko Gutenberg na Richter miaka ya 1940, hesabu ya msingi ni ileile: ukishuka namba moja ya ukubwa, idadi ya matetemeko huongezeka takriban mara kumi. Penye tetemeko 1 la ukubwa wa 6 na zaidi, tarajia kama 10 ya 5 na zaidi, na kama 100 ya 4 na zaidi. Hesabu hiyo ikichorwa kwenye grafu hutoa mstari ulionyooka. Mwinuko wa mstari huo huitwa kigezo b, na kwa kawaida hukaribia 1.

Hapo ndipo ile imani kwamba vitetemeko vidogo "vinapunguza presha" inapokwama. Namba moja ya ukubwa ni nishati kama mara 32, na namba mbili ni kama mara 1,000. Kumaliza nishati ya tetemeko moja la 6 kungehitaji matetemeko 1,000 ya ukubwa wa 4, ilhali maumbile hutoa kama 100. Tumeshalieleza hili mara nyingi.

Kigezo b hakilingani kila mahali. Mabamba ya ardhi yanapobanana na moja kuzama chini ya jingine, kama Sumatra mwaka 2004 (ukubwa wa 9.1, mawimbi yakaua watu hadi pwani ya Tanzania), b huwa ndogo na makubwa huwa na nafasi zaidi. Ardhi inapovutwa na kutanuka, kama Bonde la Ufa, b hupanda, na penye magma (mwamba ulioyeyuka) hupanda zaidi. Hilo halina maana kwamba tuko salama: Rukwa ilipata tetemeko la takriban 7.4 mwaka 1910.

Sababu ya mpangilio huu imo kwenye nyufa zenyewe, ambazo ni za kifraktali: umbo la ufa mdogo hujirudia kwenye ufa mkubwa. Picha ya mwamba uliopasuka haikuambii kama ufa ni wa sentimita 20 au kilomita 2, ndiyo maana mjiolojia huweka nyundo kando yake kabla ya kupiga picha. Mwanasayansi wa matetemeko Keiiti Aki alionyesha mwaka 1981 kwamba kipimo cha ufraktali, yaani namba inayoeleza mpangilio huo wa nyufa, ni takriban mara mbili ya b.

Kuhusu mitetemo inayofuata tetemeko kuu, idadi yake hupungua kwa kanuni ya mwanasayansi Omori ya 1894: siku ya kumi huwa kama sehemu moja ya kumi ya siku ya kwanza. Kinachopungua ni idadi. Mmoja mkubwa bado unaweza kuja baada ya wiki kadhaa. Kwa wastani mkubwa wao huwa chini ya tetemeko kuu kwa namba 1.2 hivi. Baada ya tetemeko la Bukoba, Septemba 2016 (5.9), hesabu hiyo hutoa 4.7, inayotosha kuangusha ukuta ulioshapasuka. Kwenye mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, Julai 2007, mambo yalikuwa mengine: magma ilipenya chini ya ardhi, matetemeko yakaja kwa makundi, na lile la 5.9 likatokea siku kadhaa baada ya kuanza. Kwa makundi ya namna hiyo, kanuni ya Omori peke yake haitoshi.

Wanaotaka kukokotoa b wenyewe wafuate utaratibu. Ondoa kwanza milipuko ya baruti za migodini. Hujitambulisha kwa kujazana saa za mchana. Usichanganye vipimo tofauti vya ukubwa. Tafuta ukubwa wa chini ambao vituo vya kupimia havikosi, tuseme 3.0, ukishuka chini yake, b itaonekana ndogo kwa sababu tu vidogo havikunaswa. Kama ukubwa umeandikwa kwa hatua za 0.1, toa 0.05, upate 2.95. Wastani wa ukubwa wa matetemeko yaliyobaki ukiwa 3.40, toa 2.95, upate 0.45. Gawanya 0.4343, namba isiyobadilika ya kanuni hii, kwa 0.45, jibu ni 0.97. Kosa lake ni b kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi: matetemeko 100 hutoa kosa la asilimia 10, na 25 asilimia 20. Anayeleta matetemeko 20 na kudai b "imeshuka, hatari inakuja" tunamrudisha.

Kusambaza saa ya tetemeko huku ukijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha umma, ni kosa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Ukihisi mtetemo, toa taarifa yenye saa na dakika, kijiji na kata, kama ulikuwa nje au ghorofa ya ngapi, na kilichotokea: vyombo viligongana, kabati lilisogea, ukuta ulipasuka. Kama hukuhisi chochote ilhali jirani alihisi, tuandikie pia. Ukubwa usiukadirie, huo hupimwa na vituo.