Ada ya mwaka haimleti mtu jimu: dhana potofu ninazokutana nazo kila msimu wa kujiunga

Kauli ninayoisikia mara nyingi kuliko zote katika kazi yangu ya kufundisha mazoezi hapa Dodoma ni hii: "Mwalimu, nataka nilipe mwaka mzima kwa mpigo, ili hela inibane nije." Huisikia zaidi Januari, na huisikia tena Julai, mwaka mpya wa fedha wa Serikali unapoanza na watumishi wengi wanapopata kupumua baada ya pilikapilika za Bunge la Bajeti. Anayeitamka huwa amedhamiria kwa dhati, na ndiyo maana inaniumiza, kwa sababu daftari la mahudhurio lililopo pale mapokezi limekwisha kunifundisha kwamba wengi wao hawataonekana tena kufikia mwezi wa tatu. Kwa hiyo nitaieleza dhana hii kwa kirefu, na nyingine nitazigusa kwa kadiri zinavyostahili.

Dhana: "Nikilipa nyingi, fedha yenyewe itanilazimisha kuja"

Fedha iliyokwisha kulipwa haina nguvu ya kumwamsha mtu saa kumi na moja alfajiri. Uchungu wa kulipa huwa mkali siku ileile ya kulipa, hupungua kadiri wiki zinavyopita, na baadaye ile ada kubwa hugeuka kuwa kisingizio, kwa kuwa mtu hujiambia kwamba bado ana miezi tisa mbele yake, basi leo si neno. Watafiti John Gourville na Dilip Soman waliliona jambo hili katika klabu moja ya mazoezi ya Marekani ambayo wanachama wake walilipa mara mbili kwa mwaka: mahudhurio yalipanda mara baada ya kulipa, yakaporomoka miezi iliyofuata, kisha yakapanda tena malipo mengine yalipofika. Anayelipa kila mwezi hulazimika kujiuliza kila mwezi kama anakuja au haji. Anayelipa mara moja kwa mwaka hujiuliza swali hilo mara moja tu.

Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchambuzi wa mahudhurio ya watu zaidi ya 7,700 katika klabu tatu za mazoezi nchini Marekani, kwa kipindi cha miaka mitatu. Wanachama waliochagua mkataba wa mwezi, uliozidi dola 70, walifika kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi, kwa hiyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali klabu hizohizo zilikuwa zikiuza kadi ya ziara 10 kwa dola 100. Wanane kati ya kila kumi wangetumia fedha kidogo zaidi iwapo wangelipia ziara mojamoja. Watu hawa hawakuwa wajinga wa hesabu. Walikuwa wakijikadiria kwamba watakuja mara nyingi kuliko walivyokuja, na kosa hilohilo nalishuhudia hapa kwetu.

Tuchukue mfano wa ukumbi unaotoza shilingi 60,000 kwa mwezi na shilingi 5,000 kwa siku. Ili ada ya mwezi iwe na faida kwako, ni lazima ufike zaidi ya mara 12. Mtu anayefika mara nne, na hao ndio wengi baada ya mwezi wa kwanza, analipa shilingi 15,000 kwa kila siku anayotokwa jasho. Sasa mzidishie mwaka mzima, tena katika mji huu ambamo mtumishi anaweza kuhamishwa au kutumwa mkoani kwa wiki tatu bila ya kuulizwa kama ana ratiba ya mazoezi.

Nieleze pia upande wetu, kwa kuwa wateja wachache huambiwa. Kumbi nyingi za mazoezi huuza uanachama kwa watu wengi kuliko wanaoweza kuingia kwa wakati mmoja, na hesabu ya mwenye ukumbi hutegemea kwamba wengi hawatafika. Iwapo wote waliolipa wangekuja Jumatatu saa kumi na mbili jioni, mashine sita za kukimbilia zisingetosha, na foleni ya vyuma ingefika barabarani. Ndiyo sababu punguzo la ada ya mwaka hutangazwa Januari. Mimi binafsi humshauri kila mgeni alipie siku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha alipie mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu, na ushauri huo siufichi hata mwenye ukumbi anaponitazama.

Daftari lenyewe husimulia namna watu wanavyopotea. Ukifungua ukurasa wa mtu aliyelipa mwaka, utakuta alama za vema zimesongamana upande wa kushoto: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, hata Jumamosi. Wiki ya pili zinabaki nne, kwa sababu mapaja yanauma kiasi kwamba kushuka ngazi za ofisini ni kazi. Wiki ya tatu kuna pengo, na ukimpigia simu anakwambia kwamba alikuwa na safari ya kikazi, au mtoto aliugua, au kikao kilimchelewesha Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hadi usiku. Sababu hizo ni za kweli kabisa. Pengo hilo haliziki uanachama. Kinachozika uanachama ni siku kumi zinazofuata, ambapo mtu amekwisha kurudi mjini, ana muda, raba zake ziko mlangoni, lakini anaona haya kurudi: mwalimu atasema nini, wenzangu watakuwa wamenipita, afadhali nianze upya mwezi ujao. Kuanzia hapo ukurasa ni mweupe hadi Desemba.

Nimeukuta ushahidi unaolingana na hili katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, ukiongozwa na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambao ulijaribu mbinu 54 za kuhamasisha mahudhurio kwa wanachama zaidi ya 61,000 wa mtandao mmoja wa kumbi za mazoezi wa Marekani. Mbinu iliyofanya vizuri kuliko zote ilikuwa kumpa mtu zawadi ndogo sana ya pointi, yenye thamani ya takribani senti 9 za dola, kila aliporudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Thamani ya senti hizo ni ndogo mno, lakini zilielekezwa mahali ambapo uanachama hufia, yaani siku ya kurudi.

Zamani nilikuwa nikisisitiza mno saa isiyobadilika, na bado naamini kwamba mtu asiye na saa yake hana ratiba. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2021, uliofanywa kwa wafanyakazi wapatao 2,500 wa Google, umeonyesha kwamba waliotuzwa kwa kwenda katika saa waliyoichagua tu walidumu kwa uchache kuliko waliotuzwa kwa kwenda saa yoyote, kwa sababu wa kundi la kwanza, wakishaikosa saa yao, aghalabu hawakwenda kabisa. Kwa hiyo maelekezo yangu sasa ni siku mbili za kudumu na siku moja ya akiba. Kama siku zako ni Jumanne na Alhamisi, basi Jumamosi asubuhi ni ya akiba: ukikosa moja, unailipa Jumamosi, usipokosa, Jumamosi unapumzika au unatembea. Ukikosa zote tatu, njoo ndani ya siku nne zinazofuata hata kwa dakika 20, ufanye skwati (kuchuchumaa na kuinuka), ubebe vyuma vyepesi, uondoke. Mwalimu anayemkaripia mteja aliyerudi anamfukuza kwa mara ya pili, na hafai kuifanya kazi hii.

Wengine huniuliza kama siku mbili zinatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku zako mbili za vyuma zinakidhi sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili unaweza kuikamilisha kwa miguu, bila ya kumlipa mtu yeyote. Mwongozo huo haudai tena kwamba dakika hizo zije kwa mafungu ya kumi kumi, kwa hiyo hata kutembea haraka kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kunahesabika.

Jambo la mwisho kuhusu dhana hii ni mahali. Mji wa Serikali wa Mtumba uko takribani kilometa 17 kutoka katikati ya jiji, na kila mwaka hukutana na mtu anayefanya kazi Mtumba, anayeishi Ihumwa au Nzuguni, aliyelipia ukumbi wa kifahari Area D kwa sababu ya vioo na kiyoyozi. Mtu huyo atapita nyumbani kwake jioni akiwa na njaa, na ataambiwa na nafsi yake ashuke. Chagua ukumbi ulio kati ya kazini na nyumbani, hata kama mashine zake ni za zamani, na ufike ukiwa na begi lako kabla hujafika kwako.

Dhana: "Siku 21 zikiisha, mazoea yameshajengeka"

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na wakakuta kwamba ilichukua takribani siku 66 kwa mtu wa kati, huku tofauti ikianzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Ukifika siku ya 22 na bado unajivuta, huna kasoro. Uko katikati ya njia.

Dhana: "Jasho jingi ndiyo mafuta yanayeyuka"

Hii inanitia hofu kuliko hasira. Kuna watu hujifunga nailoni tumboni, wakavaa na sweta juu yake, wakapanda mashine ya kukimbilia, kisha wakajipima na kufurahia kilo moja iliyopungua. Kilo hiyo ni lita moja ya maji, na itarudi wakishakunywa. Jasho lipo ili kuupoza mwili, na hufanya kazi hiyo linapokauka. Nailoni hulizuia lisikauke, joto la mwili likapanda, na mtu anaweza kuzirai. Hewa ya Dodoma ni kavu kwa miezi mingi, kwa hiyo jasho hukauka kabla hujaliona, na wageni kutoka Dar es Salaam hudhani kwamba hawajafanya kazi ya kutosha. Wamefanya. Nailoni naomba iachwe nyumbani.

Dhana: "Nipe mazoezi ya kitambi tu"

Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo, lakini mwili hauchomi mafuta kwa kufuata mahali msuli unapofanya kazi. Utafiti wa mwaka 1971 uliwapima wachezaji tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi mara nyingi kuliko mwingine kwa miaka, na unene wa mafuta chini ya ngozi haukutofautiana kati ya mikono hiyo miwili. Kitambi hupungua mwili mzima unapopungua, na hapo sahani ina nguvu kuliko vyuma. Punguza bia, soda, chipsi za usiku na ukubwa wa ugali. Mlenda na mboga za majani ongeza.

Dhana: "Mwanamke akishika vyuma atakuwa na mwili wa kiume"

Homoni ya testosteroni kwa mwanamume mzima ni zaidi ya mara kumi ya ile ya mwanamke. Dada zangu, misuli ile mnayoiogopa huwachukua wanaume miaka mingi ya kula na kunyanyua kwa bidii. Nyanyueni vyuma, kwa faida ya mifupa yenu.

Dhana: "Nipungue kwanza nyumbani ndipo nijiunge"

Hapana. Njoo ulivyo.

Dhana: "Umri wangu umekwenda, jimu ni ya vijana"

Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kulelea wazee na kufanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja za waliomaliza ziliongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Mzee wa miaka 62 aliyestaafu juzi hana sababu ya kukaa barazani kwa hoja ya umri.

Ninachomtaka afanye ni kupita hospitali kwanza akapimwe presha na sukari, kisha anieleze dawa anazotumia kabla hajagusa chochote. Mwenye presha asizuie pumzi anaponyanyua, kwa kuwa kufanya hivyo huipandisha presha ghafla. Atoe pumzi wakati wa kusukuma na aivute wakati wa kushusha. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza, na aje na glukosi au soda yenye sukari ndani ya begi, aniambie mimi na mtu wa mapokezi ilipo.