Bima ya afya ya kaya: ilipie mavuno yakiwa ndani

Mkulima wa Dodoma hupata fedha kwa msimu. Mahindi na alizeti vikishauzwa Kibaigwa, au zabibu za Hombolo zikishachukuliwa, nyumbani kuna shilingi. Januari mvua inanyesha, ghala limepungua, na hapo mzazi anasimama kwenye dirisha la zahanati, mtoto ana homa, mkononi hana kitu. Ndiyo maana tunawasihi wazazi walipie bima mwezi uleule wanaouza mazao, kabla ada na michango ya harusi haijaifikia fedha hiyo.

“Mtoto si anatibiwa bure?” Swali hili tunaulizwa kila kijiji. Ni kweli, sera inamsamehe gharama mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Lakini siku dawa ikiisha kituoni, utaandikiwa ukanunue dukani. Tena kaka yake wa darasa la tatu hayumo kwenye msamaha huo, naye ndiye anayeanguka kutoka juu ya mbuyu akiangua ubuyu.

Unapolinganisha bima, uliza kwanza: inahesabu kichwa au kaya? Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto tuliyoizoea, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mwenye watoto wanne alihitaji 201,600. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanza 2018, ilipanga mikoani shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Tofauti ni kubwa mno kwa mtu wa kipato kidogo. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kwa hiyo kiwango cha leo kiulize kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), na usitoe fedha bila stakabadhi.

Swali la pili ni kadi inafika wapi. Ile ya CHF ya 30,000 ilianzia zahanati, ikapanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, ikakoma hapo. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, ambayo ni ya kanda, ilikuwa nje ya ngazi hizo. Wazazi waliligundua hilo wakiwa tayari getini na mgonjwa, na inauma kuliona.

Kwa watumishi mnaokatwa NHIF: mbali na mwenza, mna nafasi ya wategemezi wanne. Tunakutana na mtumishi aliyekatwa miaka mingi na mtoto wake wa mwisho hajasajiliwa, kisa cheti cha kuzaliwa hakijafuatiliwa. Anzeni na hicho cheti wiki hii.