Stima ikirudi, pointi zisiruke

Meza yangu ya treni ndogo imejaza chumba cha nyuma hapa Buruburu, na yadi ya mabehewa iko upande wa ukuta. Kila nikitaka kubadilisha pointi (pale reli inapogawanyika njia mbili) kwa kidole ilibidi niiname juu ya mabanda na miti. Mnara wa maji nimeuangusha kwa kiwiko mara mbili.

Ili nizibadilishe kwa mbali nilianza na mota za koili, zile za kugonga "tak!". Zinataka umeme wa kupepesa jicho tu. Kitufe kimoja kikakwama chini nikiwa jikoni, na niliporudi nikapokewa na harufu ya vanishi inayoungua. Sasa natumia servo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoitaka) za gramu 9, SG90, ambazo Luthuli Avenue hazikosekani, zikiongozwa na Arduino, bodi ndogo ya kompyuta unayoipangia programu.

Kuzifunga si kazi. Servo inakaa chini ya plaiwudi, waya wa springi unapenya tundu hadi kwenye kipande kinachounganisha ndimi mbili za reli, zile zinazosogea kubadilisha njia. Waya wa milimita 0.5 ulijikunja bila kusukuma kitu, wa 0.8 unafaa. Uache upinde kidogo baada ya ulimi kugusa reli, maana mkazo huo ndio unaoubana ulimi.

Kinachosumbua ni stima. Servo huelekezwa kwa mapigo ya umeme, moja kila milisekunde 20. Pigo la milisekunde 1.5 ni katikati. Stima ikipotea ikarudi, servo huamka kabla Arduino haijatuma chochote. Zote nane zinaruka kwa pamoja, kila moja ikivuta hata nusu ampia, volti zinaanguka, Arduino inajizima na kuwaka upya, mchezo unaanza tena. Jioni moja ulimi mmoja uling'oka kwenye lehemu.

Basi nikazipa servo umeme wake wa volti 5, waya wa hasi tu ukishirikiana na Arduino, na njiani nikaweka rilei, swichi inayoendeshwa na umeme. Arduino ikiwaka inasoma kwenye kumbukumbu yake kila pointi iliachwa wapi, inaanza kutuma mapigo hayo, halafu ndipo inawasha rilei ili servo zipate umeme. Usiruke hatua ya kumbukumbu. Ukiiruka, programu itaanza na katikati, na pointi iliyo katikati haina njia, ni kumwaga mabehewa tu.

Siku hizi stima ikirudi nasikia rilei ikilia mara moja chini ya meza, kimya. Isipokuwa namba sita, ambayo bado inatikisika. Nashuku waya wake wa ishara nimeufunga pamoja na ule wa reli.