Rangi ya kaboni badala ya balbu: paneli ya joto ya volti 12 kwa vifaranga

Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na ule upepo mkavu hunyang'anya joto kwenye kila ufa wa banda. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Kabla ya kuchanganya chochote, niondoe dai moja linalouzwa sana: hakuna kaboni ya nano (yenye punje ndogo mno) wala kapsuli ya nta inayozidisha joto la umeme uleule. Wati 20 ni wati 20, zipite kwenye waya, kwenye balbu au kwenye rangi. Tofauti ni mahali joto linapokwenda. Balbu huunguza katikati na kuacha pembe zimepoa. Rangi ya kaboni hutoa joto dogo kwenye eneo zima, na kifaranga huegemeza mgongo wake humo.

Rangi yenyewe ni kaboni iliyoshikwa na gundi. Punje zikiwa chache hazigusani, na unachopata ni rangi nyeusi tu. Zikifikia kiwango cha kuunganika kutoka ukingo hadi ukingo, ukinzani huporomoka ghafla. Masizi ya kiwandani huhitaji asilimia kadhaa, mara nyingi zaidi ya 10. Nanotyubu za kaboni, kwa kuwa ni nyuzi ndefu, zinaweza kuunganika hata chini ya asilimia 1 ya uzito, ila ni pale tu zinapotawanywa vizuri. Zikibaki mabonge umetupa fedha.

Mkaa wa jikoni uliosagwa haufai. Huchomwa kwa joto dogo mno, hivyo hupitisha umeme vibaya sana. Unga mweusi wa betri za redio nao uuache: sehemu kubwa ni manganizi, si kaboni. Tafuta kinywe laini (grafiti, yaani kaboni ya ardhini), madini ambayo nchi hii inayo Mahenge na Ruangwa.

Mchanganyiko wa kuanzia: gramu 100 za gundi ya maji ya akriliki (ikikauka hubaki kama gramu 50), kinywe gramu 30, masizi gramu 10, na maji kidogo kidogo, maana masizi huyanywa. Gundi nyeupe ya maseremala hulainika kwenye nyuzi 40 hivi, yaani kazini hasa, kwa hiyo siipendekezi. Ukipata nanotyubu, nunua zilizokwisha kutawanywa kwenye maji. Unga wake mkavu ukipeperuka ni hatari kwa mapafu. Masizi pia yachanganye ukiwa umevaa barakoa, mbali na feni.

Paka kwenye kitambaa cha nyuzi za kioo, si kwenye plaiwudi inayovimba ikipata unyevu. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene: hewa yetu kavu hukausha juu haraka, chini kukiwa bado na maji, kisha nyufa. Kila ufa hubana mkondo upite pembeni yake, na hapo ndipo panapoungua.

Sasa pima. Paka ukanda wa jaribio wenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 10, kwa unene uleule. Hiyo ni miraba 10. Mita ikisoma omu 300, rangi yako ina omu 30 kwa mraba, na unaweza kupiga hesabu: wati kwa mita ya mraba ni volti mara volti, ugawe kwa omu za mraba, kisha ugawe kwa umbali kati ya shaba mbili, yaani tepe zinazoleta umeme kwenye kingo mbili ndefu za paneli, (kwa mita) mara umbali huohuo. Kwa volti 12, omu 30 na umbali wa sentimita 14 unapata takribani wati 245 kwa mita ya mraba. Paneli yenye urefu wa sentimita 60 itakuwa na omu 7, itavuta ampea 1.7 na kutoa wati 20 na ushei. Nyuma ukiweka povu gumu la sentimita 3, uso hupanda kama nyuzi 24 juu ya hewa inayouzunguka. Panatosha vifaranga 20 hivi. Angalia umbali: ukiupunguza nusu, wati kwa mita ya mraba huwa mara nne.

Matatizo mengi yako kwenye shaba. Bandika utepe kwanza, paka rangi ipande juu yake milimita 5. Paneli ikiwa na umeme, kila sentimita ya rangi inapaswa kushusha kama volti 0.86. Sentimita ya kwanza kutoka kwenye shaba ikishusha volti 2, mgusano ni mbovu, hapo patachomeka.

Maikrokapsuli ni vitone vya nta vyenye ganda. Nta ya ikosani huyeyuka karibu na nyuzi 37 na kuhifadhi joto. Kapsuli ambazo ganda lake halijavishwa kaboni hazipitishi umeme, nazo hula nafasi ya gundi, hivyo zikizidi rangi hupukutika. Zilizovishwa nanotyubu au grafini (kaboni ya utando mwembamba mno) hupitisha mkondo juu ya ganda, na joto huifikia nta upesi. Lakini piga hesabu. Kapsuli zinazohifadhi kilojuli 180 kwa kilo, ukitia gramu 30 kwenye rangi, hubeba kilojuli 5.4: dakika nne na nusu za paneli hii. Zinatuliza joto thermostati (swichi inayofuata joto) inapokata na kuwasha. Kwa umeme unaokatika saa mbili unahitaji kilo nzima, kama bamba nyuma ya rangi, si ndani yake.

Nta hutanuka ikiyeyuka, ikatenganisha punje na kupandisha ukinzani, ila ndani ya ganda athari hiyo ni ndogo. Thermostati ibaki, na fyuzi ya ampea 3. Rangi hii usiiunganishe kamwe na volti 230. Mwisho, funika shaba yote kwa vanishi ya akriliki, maana amonia ya kinyesi huila hadi utepe ukatike.