Homoni za mama mzee: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Siku moja niliumwaga mfuko wa dawa za mama juu ya meza. Mama ana miaka 71. Kulikuwa na vidonge vya presha, vya thairoidi (tezi ya shingoni) na vya estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma. Pakiti ya projesteroni, homoni nyingine ya kike, ilikuwa tupu, na tarehe aliyoiandika mfamasia juu yake ilikuwa ya miezi saba nyuma.

"Hivyo vilikuwa vinanilevya usingizi," mama akaniambia. "Daktari mpya hakuviandika, nikajua kazi yake imekwisha."

Mama hajawahi kutolewa kizazi. Daktari hakumuuliza, na sisi wanawe hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza. Tangu hapo nimezungumza na watu kadhaa wenye wazazi wanaotumia homoni za ukomo wa hedhi. Tuliyokuwa tukiyaamini sisi, karibu kila mmoja wao anayaamini.

Dhana: "Projesteroni ni ya wanaotafuta mimba. Bibi wa miaka 70 ya nini?"

Hii ndiyo iliyotuponza. Estrojeni hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na projesteroni ndiyo inayouzuia usizidi. Mwanamke mwenye kizazi akinywa estrojeni peke yake, ukuta ule huendelea kukua, na baada ya muda seli zake zinaweza kugeuka saratani. Madaktari walilijua hili tangu 1975, tafiti za Marekani zilipoonyesha kwamba waliotumia estrojeni pekee walikuwa wakipata saratani ya ukuta huo wa kizazi mara kadhaa zaidi ya wasioitumia. Kuwa mzee hakuiondoi hatari hiyo. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji projesteroni, na ndiyo maana daktari yeyote anayempokea mgonjwa wa mwenzake anapaswa kuanza na swali moja: kizazi kipo au kilitolewa?

Kama projesteroni inamsumbua mzazi, kuna la kufanya. Ile inayoleta usingizi hunywewa wakati wa kulala. Inaweza kubadilishwa aina, au badala yake akawekewa kitanzi chenye homoni. Kisichofaa ni kuiondoa na kuiacha estrojeni iendelee peke yake.

Dhana: "Ameona damu kidogo, ni homoni tu."

Miezi michache ya mwanzo, au dozi ikibadilishwa, matone ya damu hutokea. Lakini damu inayoendelea baada ya miezi sita, au inayoanza ghafla kwa mtu aliyekuwa mkavu miaka mingi, inatakiwa kuchunguzwa: altrasaundi ya kupima unene wa ukuta wa kizazi, na ikibidi kuchukua kipande kidogo cha ukuta huo kikapimwe. Mara nyingi chanzo si saratani, ila huwezi kulijua hilo kwa kukisia. Wazazi wetu hulificha jambo hili kwa haya. Muulize mama mkiwa wawili tu, tena kwa maneno yasiyozunguka.

Dhana: "Homoni zinaleta saratani na kiharusi. Atupe leo."

Hofu hii ina asili yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake ya estrojeni pamoja na projestini (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) kabla ya wakati. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa wameshiriki, wenye miaka 50 hadi 79. Kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, waliotumia homoni walipata saratani ya matiti 8 zaidi, viharusi 8 zaidi na mabonge ya damu kwenye mapafu 8 zaidi. Walivunjika nyonga mara 5 pungufu. Hatari ipo, na mimi sitaki mtu aidharau. Lakini 8 katika 10,000 si hukumu ya kifo, na kitendo cha mtoto kumnyang'anya mama dawa bila daktari kujua nacho kina gharama yake. Vipindi vya joto la ghafla mwilini vinaweza kurudi kwa nguvu na usingizi ukapotea, na kinga ambayo mifupa ilikuwa ikiipata huanza kuondoka.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa: "Tumuanzishie mama homoni zimlinde moyo na kumbukumbu." Hapana. Katika utafiti huohuo, wanawake wa miaka 65 na zaidi waliotumia mchanganyiko ule walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu karibu mara mbili ya wasiotumia. Wakati wa kuanza una uzito mkubwa. Anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, hesabu yake ya faida na hatari ni nzuri kuliko ya anayeanza uzeeni. Mama aliyeanza akiwa na 52 na bado anaendelea si sawa na mama anayeandikiwa mara ya kwanza akiwa na 70. Ukiona daktari anataka kumuanzishia mzazi wa umri huo vidonge vya estrojeni, una haki ya kuuliza kwa nini.

Dhana: "Kidonge, plasta, krimu, vyote ni homoni ileile."

Dawa inaweza kuwa moja, ila njia inayopita ni tofauti. Kidonge hutoka tumboni na kupitia ini kwanza, na ini likipata estrojeni nyingi kwa mkupuo huongeza protini zinazogandisha damu. Plasta ya kubandika huingiza dawa kwenye damu kupitia ngozi, bila kupita huko kwanza, na hatari yake ya damu kuganda ni ndogo. Kwa mzazi mwenye uzito mkubwa, au anayekaribia kufanyiwa upasuaji na kulala kitandani muda mrefu, tofauti hiyo si ndogo. Krimu ya dozi ndogo inayopakwa ukeni kwa ajili ya ukavu na maambukizi ya mkojo ni jambo jingine kabisa: kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, na kwa kawaida haihitaji projesteroni. Usimkataze mama krimu kwa sababu ya habari uliyosoma kuhusu vidonge.

Ini hilohilo huongeza pia protini inayobeba homoni ya thairoidi. Anayetumia dawa ya thairoidi akianza au akiacha estrojeni ya kidonge, dozi yake inaweza kuhitaji kurekebishwa. Kwetu hakuna aliyelitaja hili mpaka tulipouliza.

Dhana: "Daktari hampimi kiwango cha homoni, basi hajali."

Hapa nimtetee daktari. Dozi ya homoni za ukomo wa hedhi hufuata dalili na madhara, na vipimo vya damu vya estrojeni kwa wengi havibadilishi uamuzi. Cha kulalamikia ni pale presha haipimwi, historia ya damu kuganda au ya saratani ya matiti haiulizwi, na karatasi ya dawa inarudiwa miaka mitatu bila mtu kumuuliza mama anajisikiaje. Marudio ya kwanza ni baada ya miezi mitatu, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Na kutimiza miaka 65 peke yake si sababu ya kusimamishwa; ni sababu ya kukaa chini na kupima upya.

Dhana: "Kumuuliza daktari ni kumkosoa."

Niliogopa hili kuliko yote. Niliandika maswali matatu kwenye karatasi, nikamwomba mama ruhusa kwanza, kwa kuwa mwili ni wake na uamuzi ni wake. Kisha nikaubeba mfuko mzima wa dawa. Sikusema "umekosea". Nilisema, "Daktari, mama ana kizazi, na projesteroni ilikatika miezi saba iliyopita. Tufanye nini?" Daktari alinyamaza, akafungua faili, akaisoma kwa mara ya kwanza mbele yetu. Siku hiyohiyo akamwandikia altrasaundi.

Ukuta ulikuwa umenenepa. Kipande kilichopimwa hakikuwa na saratani. Daktari alitaka kuzisimamisha homoni zote. Mama akasema bila hizo halali usiku, na baada ya mazungumzo marefu wakakubaliana plasta ya dozi ndogo, projesteroni wakati wa kulala, na altrasaundi nyingine baada ya miezi michache. Sasa anabadilisha plasta Jumatatu na Alhamisi, leo nyonga hii, mara ijayo ile. Wiki ijayo tunarudi kupima thairoidi, kwa kuwa kidonge cha estrojeni kimeondolewa.